Mkono wa Marehemu Vernon

Makosa yale kumi na sita yalikuwa safi mno, na usafi wake ndio uliomtia Ardis Haugen wasiwasi.

Ardis alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake pale kampuni ya Northmere ilikuwa kupima. Wenzake waliandika programu za kuendesha pampu za dripu, zile zinazosimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kusukuma maji au dawa tone kwa tone. Yeye alisema programu hiyo inaaminika kiasi gani. Hakuna pampu iliyotoka mji wao wa Elk Portage kwenda hospitali yoyote ya Minnesota, wala kwingineko, bila sahihi yake.

Njia aliyoipenda ilikuwa ya zamani na nyepesi kueleweka. Kabla ya toleo jipya kutoka, mtu mmoja alichukua nakala ya programu akapanda ndani yake makosa ya makusudi, kwa siri, kisha akaandika orodha na kuifunga kwenye bahasha. Wapimaji, ambao wenyewe walijiita wawindaji, waliingia kuyasaka. Wakimaliza, bahasha inafunguliwa. Wakiwa wamekamata makosa manne katika kila matano yaliyopandwa, Ardis alichukulia kwamba hata yale ya bahati mbaya, ambayo hayana mwenyewe, wamekamata manne katika kila matano. Kwa hesabu hiyo ndogo alijua ni mangapi bado yamejificha. Idadi hiyo ndiyo aliyoiandika kwenye ripoti, na haikuwahi kuwa sifuri.

Kwa miaka kumi na tisa mpandaji alikuwa Vernon Tuchek. Lakini Vernon alikuwa amekufa mwezi wa kumi na moja, msimu wa kuwinda paa. Walimkuta ameketi kwenye kibanda chake porini, bunduki magotini, theluji imejaa kwenye ukingo wa kofia yake, uso umetulia kama mtu anayesubiri kitu kipite. Moyo, daktari alisema. Safari hii, kwa toleo la saba, bosi mwenyewe, Curtis Lindahl, ndiye aliyepanda. Alipanda makosa thelathini.

Jumatatu asubuhi, mwishoni mwa mwezi wa pili, Pa Houa Vang alisimama mlangoni kwa Ardis na karatasi mkononi. Alikuwa kiongozi wa wawindaji, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtundu wa maneno. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Mama, hebu njoo uone."

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza. Ya Curtis tumeyapata ishirini na manne kati ya thelathini. Ya bahati mbaya, kumi na sita."

"Kumi na sita tu?" Ardis alivua miwani. Toleo kubwa kama lile lilikuwa likitoa hamsini, hata sitini. "Basi vijana wameandika vizuri mwaka huu. Mbona umekunja uso?"

"Kwa sababu hayafanani na ya bahati mbaya. Soma mwenyewe."

Ardis alisoma. Mtu anapokosea kweli, kosa lake huja na uchafu wake: jina lililoandikwa kwa haraka, mstari uliorudiwa, dalili kwamba mwandishi alichoka au simu ililia. Haya hayakuwa na uchafu. Kila moja lilikaa peke yake katikati ya mistari iliyonyooka, limefichwa mahali ambapo jicho hupita bila kusimama: dakika ya mwisho ya saa, tone la mwisho la mfuko, siku ya mwisho ya mwezi. Kila moja liliwekwa.

"Curtis ametuchezea," Ardis alisema. "Amepanda zaidi ya alivyoandika."

Walimkuta Curtis jikoni mwa ofisi akipasha moto chakula chake cha jana, viazi na nyama ya kusaga.

"Curtis, sema ukweli. Umepanda mangapi?"

"Thelathini. Si umeona orodha?"

"Thelathini au arobaini na sita?"

"Ardis, bwana wee! Hayo thelathini yenyewe yameniumiza kichwa wiki nzima. Kukosea kwa makusudi ni kazi ngumu, sikujua. Vern alikuwa anafanyaje sijui." Alicheka, halafu akaona nyuso zao. "Kwani vipi?"

Kwa Ardis jina lile, Vern, lilitosha.

Alirudi mezani, akafungua kosa la kwanza upya. Juu ya mstari wenye kosa palikuwa na maelezo mafupi, ya aina ambayo waandishi wa programu huachiana: *Imehakikiwa.. Usiguse.* Nukta mbili, si moja wala tatu. Akafungua la pili. *Imehakikiwa.. Usiguse.* La saba, la kumi na moja, la kumi na sita. Kwa miaka kumi na tisa Vernon alikuwa ameweka maelezo hayo hayo juu ya makosa yake, kwa kumkejeli Ardis, na kwa miaka kumi na tisa kidole chake kizito kilikuwa kimebonyeza nukta mara mbili.

"Nani ameandika hivi?" Ardis aliuliza, sauti ndogo.

Pa Houa alikuwa ameshatafuta. "Watu watatu tofauti. Yote yameandikwa mwezi wa kwanza na huu wa pili. Nimewauliza. Hakuna hata mmoja anayekumbuka kuyaandika."

"Watu hawakumbuki walichoandika mwezi uliopita?"

"Hawakuandika wao, mama. Wote watatu waliitumia Msaidizi."

Msaidizi ilikuwa programu iliyoletwa na kampuni mwezi wa kumi na mbili. Uliiambia unachotaka kwa maneno ya kawaida, nayo ikakuandikia mistari. Ili iandike kwa namna ya nyumba ile, walikuwa wameilisha kila kitu kilichowahi kuhifadhiwa pale Northmere, faili kwa faili. Vijana waliipenda. Ardis alikuwa hajaigusa.

Jambo la kwanza, kabla ya mshangao, lilikuwa pampu. Hospitali moja ndogo, mwendo wa saa moja na nusu kuelekea kaskazini, ilikuwa na pampu kumi zenye toleo la saba la majaribio, kwa maji ya chumvi tu, si dawa. Curtis alipiga simu pale pale, akiwa bado na uma mkononi, akawaomba waziondoe zote na kuzirudisha. Wakasema gari lingezileta keshokutwa.

Ndipo Pa Houa akavuta kiti cha pili, wakaketi wote wawili mbele ya Msaidizi. Nje jua lilikuwa linawaka juu ya theluji, na mwanga wake uliingia dirishani ukauma macho. Pa Houa aliandika: *Andika sehemu ya kuhesabu maji yaliyobaki kwenye mfuko.*

Mistari ilitiririka, mizuri, imepangwa. Juu yake pakatokea: *Imehakikiwa.. Usiguse.*

Ardis alisoma mstari kwa mstari kwa dakika tano, akaliona. Saa inapoingia mpya, hesabu ilikuwa inaruka dakika moja. Ni pale pale ambapo Vernon angeliweka.

"Mwambie atafute makosa kwenye alichoandika," alisema.

"Nimwambie nani, mama?"

Ardis alisikia alichosema, akaona haya. "Iambie."

Pa Houa akaandika. Jibu lilikuja mara moja: *Hakuna kosa.. Nimekagua mwenyewe.*

"Nywele zimenisimama," Pa Houa alisema, akijikumbatia mikono. "Huyu ni mzee Vern kabisa. Nasikia hata sauti yake."

Ardis hakubisha. Alichokuwa anawaza ni jambo jingine. Kila baada ya msako, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa akifuta nakala iliyopandwa makosa. Hakuwahi kukosa hata mara moja. Aliogopa siku moja mtu angeichukua nakala ile kwa bahati mbaya na kuiuza kama programu nzima. Kwa hiyo hakukuwa na kosa hata moja la Vernon lililobaki ndani ya nyumba ile. Msaidizi haikuwa na mahali pa kujifunzia.

"Imeyatoa wapi?" aliuliza, na hakuwa anamwuliza Pa Houa.

Kesho yake, Jumanne mchana, alikwenda kwa Lorraine Tuchek, mjane wa Vernon. Alikuwa hajafika tangu mazishi, na aliona aibu kufika kwa ajili ya kazi. Lorraine alimkaribisha kahawa na biskuti za shayiri, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha aliweka kikombe chini.

"Alijua, Ardis."

"Alijua nini?"

"Moyo wake. Alijua tangu mwezi wa saba. Daktari alimwambia ni suala la miezi. Akanikataza nisimwambie mtu. Alisema, wakijua watanifanyia keki na kunisemesha polepole kama mgonjwa."

Ardis alijikuta anatazama kiatu chake. Mwezi wa saba hadi wa kumi na moja alikuwa ameketi meza moja na Vernon kila siku ya kazi, wakitaniana.

Lorraine alishuka naye kwenye chumba cha chini ya nyumba. Fimbo za kuvulia zilikuwa zimening'inia ukutani, na drili ya kutobolea barafu imesimama pembeni. Juu ya rafu, kati ya makopo ya chambo, alitoa daftari la jalada gumu.

"Miezi ile minne ya mwisho kila jioni alikuwa humu. Nilimwuliza, Vern, unaandika nini kila siku, wosia? Akanijibu, namwandalia Ardis. Akasema hatapata tena mtu wa kumdanganya vizuri kama mimi, itabidi nimwachie akiba."

Ardis alifungua daftari. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa herufi kubwa: TOLEO LA SABA. Chini yake tarehe ya mwezi wa nane, wakati Northmere bado ilikuwa inahangaika na toleo la tano. Kisha orodha ya makosa, moja baada ya jingine, kila moja na mistari yake kamili. Alihesabu kwa kidole. Yalikuwa ishirini.

Alihesabu tena, akaketi kwenye ngazi.

"Umeona nini?" Lorraine aliuliza.

"Hesabu yangu ya jana," Ardis alisema. "Walipata kumi na sita. Wanakamata manne katika matano. Kwa hiyo niliandika kwamba jumla ni ishirini."

"Basi umepatia."

"Huwa sipatii hivi, Lorraine. Ni makisio. Ikisema ishirini, ukweli unaweza kuwa kumi na saba au ishirini na sita. Haijawahi kugonga penyewe. Miaka ishirini na miwili, haijawahi."

Jinsi makosa yalivyofika kwa Msaidizi ilijulikana jioni ile ile. Vernon hakuandika kwenye daftari tu. Aliweka nakala kwenye hifadhi ya kampuni, kwenye folda aliyoiita *Samaki*, akikusudia kumwonyesha Ardis baada ya msimu wa paa. Mwezi wa kumi na mbili folda ile ililishwa pamoja na mengine yote. Msaidizi haikujua kwamba ule ulikuwa mtego. Iliona kazi nadhifu ya mtu makini, yenye maneno *imehakikiwa* juu yake, ikaichukua kuwa ndiyo namna bora ya kuandika.

Kujua hivyo kuliwatuliza wote. Jambo lililoonekana la kimizimu lilikuwa na njia na mlango wake. Jumatano asubuhi, daftari likiwa wazi mezani, wawindaji walitafuta manne yaliyobaki, na kabla ya chakula cha mchana yote yalikuwa yamepatikana, kila moja pale pale ambapo daftari lilisema litakuwa. Pa Houa alileta wali wa kunata na nyama ya pilipili kutoka kwao, wakala pamoja.

"Ishirini kwa ishirini," Curtis alisema, amejaa furaha. "Orodha imeisha. Tunayafuta, tunaizuia Msaidizi isione ile folda, tunatoa toleo letu. Ardis, niletee sahihi."

"Ngoja pampu zirudi."

"Zimerudi. Ziko chini."

Ardis alishuka. Pampu zilikuwa zimepangwa sakafuni, kila moja na lebo yake. Alizihesabu. Tisa.

Alipiga simu hospitali. Sauti ya nesi, changamfu, ilimwambia, "Ile ya kumi? Ah, hiyo tumeona tuibakize, dada. Haina shida hata kidogo. Hizo nyingine zilikuwa zinalialia kidogo, lakini hiyo, wiki tatu nzima haijalia hata mara moja. Kila mtu wodini anaipenda."

"Haijalia kabisa?"

"Hata mlio mmoja."

Ardis alikata simu, akabaki ameshika mkono wa simu. Pampu za dripu hulia. Hulia mgonjwa akikunja mkono, mfuko ukikaribia kwisha, hewa kidogo ikiingia kwenye mpira, betri ikipungua. Kwenye vitabu vyake, pampu bora kuliko zote aliyowahi kuipima ililia mara nne kwa siku. Wiki tatu za ukimya hazikuwa ubora. Hakuwa na neno la kuziita.

"Vaa koti," alimwambia Pa Houa aliporudi juu. "Na wewe Curtis, wapigie tena, waambie waiondoe kwa mgonjwa sasa hivi."

Barabara ilikuwa nyeupe pande zote. Walipita maziwa yaliyoganda, vibanda vya wavuvi vimesimama juu ya barafu kama kijiji kisicho na watu. Pa Houa aliendesha. Katikati ya safari akasema, "Mama, nyumbani kwetu mtu akifa, wazee wanaimba kuielekeza roho yake njia ya kurudi, kijiji baada ya kijiji, mpaka mahali alipozaliwa. Wanasema asipoelekezwa atabaki kazini kwake, anashikashika vitu."

"Unaamini?"

"Siku za kawaida, hapana."

Hospitalini walimkuta nesi yule, dada mmoja mnene mwenye jina la Kjersti kifuani, amechanganyikiwa kidogo. Simu ya Curtis ilikuwa imefika, lakini wodi ilikuwa na kazi nyingi, na pampu yenyewe ilikuwa inaonyesha kila kitu sawa. Aliwapeleka chumba cha mwisho wa ukumbi.

Kitandani alilala mzee Orville Stenberg, mkulima wa viazisukari, aliyeletwa kwa sababu ya kukosa maji mwilini. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Kando yake pampu ilisimama, taa yake ya kijani imetulia. Skrini ilisema: *Inaendelea. Zimeingia mililita mia sita na kumi na mbili.* Walipokuwa wanatazama, ikawa mia sita na kumi na tatu.

Ardis aliinama kutazama kikopo kidogo cha plastiki chini ya mfuko, mahali ambapo tone hudondoka. Alisubiri. Akasubiri tena. Hakuna tone lililodondoka. Aliinua macho kwenye mfuko. Ulikuwa umejaa.

Mia sita na kumi na nne, skrini ilisema.

"Nilikuwa nawaambia," mzee Orville alisema, sauti kama karatasi. "Tangu kahawa ya asubuhi nakitazama hicho kikopo. Hakuna kinachoshuka. Wananiambia, mzee, mashine inasema inashuka. Nikaona labda ni macho yangu."

Kjersti alishika mdomo. Kisha akawa nesi tena: alifunga mpira, akausukuma mti wa dripu pembeni, akaleta mfuko mwingine na kuutundika bila pampu, wa kudondoka wenyewe. Tone la kwanza lilianguka, na wote wanne walilitazama kama hawajawahi kuona maji.

"Una kiu, mzee?" Pa Houa aliuliza.

"Mwanangu, ningekunywa mto."

Aliokoka, na ni vizuri kulisema hilo mapema. Alikaa siku mbili zaidi kuliko alivyopaswa, akarudi shambani kwake analalamika juu ya chakula. Lakini pale chumbani, wakati Kjersti anampima shinikizo la damu, Ardis alikuwa amefungua kompyuta yake magotini na kuiunganisha na ile pampu. Alijilazimisha kusoma polepole.

Ilimchukua nusu saa kulipata kosa. Nesi akisimamisha pampu kwa muda mfupi na kuiwasha tena ndani ya dakika ile ile, mota ilibaki imesimama, na hesabu iliendelea kwa kufuata saa. Pampu ilikuwa inahesabu muda na kuuita maji. Kila kengele ambayo ingelia ilikuwa imefungwa kwa mkono mpole, moja baada ya nyingine. Kati ya zile kumi, hii peke yake ilikuwa imewekewa nakala ya mwisho yenye mistari hiyo; ndiyo maana ilinyamaza wiki tatu. Wagonjwa wa kabla ya Orville walikuwa na bahati: kwao, manesi hawakuwahi kubonyeza mara mbili ndani ya dakika moja.

Juu ya mstari wenyewe paliandikwa: *Imehakikiwa.. Usiguse.*

Alitoa daftari la Vernon kwenye mkoba. Alipitia orodha ya toleo la saba kwa kidole, kutoka la kwanza hadi la ishirini. Akarudia kutoka la ishirini hadi la kwanza.

"Ni la ngapi?" Pa Houa aliuliza, ameinama begani kwake.

"Halimo."

"Labda kwenye toleo la nane. Funua mbele."

Ardis alifunua. La nane, la tisa, mpaka kurasa tupu. Halikuwemo popote. Na kadiri alivyolisoma ndivyo alivyojua kwa nini. Vernon alipanda makosa ya kukamatwa. Kila kosa lake lilikuwa na mwisho wa kamba uliotokeza nje, mahali ambapo mwindaji hodari angeushika na kuvuta. Hili halikuwa na kamba. Mtu aliyeliandika alikuwa na mkono wa Vernon, nukta za Vernon, subira ya Vernon, na hakutaka lionekane. Ila halikuandikwa na mtu.

"Orodha ilikuwa ishirini," Pa Houa alisema polepole. "Tuliyapata ishirini. Kwa hiyo wawindaji wangu walipita juu ya hili, na hesabu nayo ikapita."

"Hesabu haihesabu kisichofanana na kilichopandwa."

Waliporudi ofisini Curtis alishtuka aliposikia, lakini alikuwa mtu wa kubishana hata akiogopa.

"Sawa, tunalifuta na hilo. Ishirini na moja. Tunaendelea."

"Na la ishirini na mbili?" Ardis aliuliza.

"Una ushahidi kwamba lipo?"

"Sina. Na sina njia ya kulipima. Ndiyo maana sitii sahihi, Curtis. Mwaka jana nilikuwa na mtu anayekosea, na najua jinsi watu wanavyokosea, kazi yangu ni hiyo. Sasa nina kitu kilichofundishwa kukosea vizuri na kuniambia kimekagua. Kila mstari kilichoandika tangu mwezi wa kumi na mbili utoke. Wote. Hata ulio mzuri."

"Hiyo ni kazi ya miezi mitano!"

"Basi ni miezi mitano. Au mwambie yule mzee wa viazisukari kwamba tulikuwa na haraka."

Curtis aliafiki kwa kichwa. Alikuwa na baba wa umri ule ule.

Walitoa kila kitu. Vijana walinung'unika, kisha wakazoea kuandika tena kwa mikono yao, na makosa yao yakarudi na uchafu wake wote, mengi, ya kijinga, ya haraka. Ardis alifurahi kuyaona kama mtu anayesikia watoto wakipiga kelele nyumbani. Msaidizi ilizimwa Ijumaa moja ya mwezi wa nne. Pa Houa ndiye aliyeizima. Kabla ya kufanya hivyo alimwuliza Ardis kama angependa kuiandikia neno la mwisho.

Ardis alisimama nyuma ya kiti, mkono mmoja juu ya mgongo wake. Kwa muda alitaka kweli. Angeuliza kwa nini hukuniambia juu ya moyo wako, na alijua kwamba ingejibu, kwa sauti ile ile, jibu nadhifu, lisilo na uchafu hata kidogo, na kwamba angeliamini.

"Zima," alisema.

Jumapili iliyofuata alimrudishia Lorraine daftari. Kurasa za toleo la nane na la tisa alikuwa amezisoma mara moja tu, siku ile hospitalini, kwa haraka, na alijitahidi kuzisahau, ili zibaki mtego hata kwake. Lorraine aliliweka jikoni juu ya jokofu, akasema mwaka huu theluji imekawia kwisha.

Msako mwingine ulifanyika kiangazi. Wawindaji walikamata makosa hamsini na manne ya bahati mbaya, na makisio yakasema yamebaki matano au sita. Waliyatafuta tena wakapata manne.

"Niandike yamebaki mawili?" Curtis aliuliza, kalamu mkononi. "Wateja wangependa kusikia sifuri."

"Andika mawili."

Curtis aliandika mawili, Ardis akatia sahihi.

Pampu kumi za toleo jipya zilirudi hospitali ile ile mwezi wa nane. Hakuna aliyemtuma Ardis aende, lakini siku ya kwanza alikwenda, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwanamke mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyongo, aliyekuwa amelala fofofo. Pampu ililia mara moja, Kjersti akaja akanyoosha mpira, akaenda zake. Ardis alitazama kikopo, kisha skrini, kisha kikopo. Tone. Tone. Tone.

Saa ya kubadilishana zamu Kjersti alichungulia tena mlangoni, mkoba begani.

"Bado upo, dada? Inaenda vizuri. Inasema iko sawa."

"Naona," Ardis alisema, bila kuondoa macho yake kwenye kikopo. "Nenda tu. Niache niumalize mfuko huu."